Kama vitu vyote huanguka sawa, mbona Fuso yenye viazi ndiyo inayochoma breki?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni dereva wa Fuso. Napakia viazi Isyonje nashusha Uyole, siku nyingine naenda navyo mpaka Iringa. Utingo wangu ni kijana aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana. Wiki iliyopita tulikuwa tunashuka na mzigo, breki zikaanza kunuka na pedali ikawa inazama. Nikamwambia ni uzito wa viazi. Akabisha. Anasema shuleni walifundishwa kwamba kitu kizito na chepesi huanguka kwa kasi ileile, kwa hiyo mzigo hauhusiki, breki zangu ndizo mbovu. Nilikosa la kumjibu. Nani kati yetu yuko sahihi? Halafu kuna wenzangu wanaweka frii mteremkoni, yaani wanatoa gia gari lijiendee, ili kubana mafuta. Inasaidia kweli? Ndaga fijo.

JIBU: Ndugu yangu dereva, kijana wako hakudanganywa shuleni, na wewe pua yako haikukudanganya. Tatizo ni kwamba yeye anaongelea kasi na wewe unaongelea nishati. Ni vitu viwili, na breki inahangaika na hicho cha pili.

Tuanze na cha kwake. Mwaka 1971 mwanaanga wa Apollo 15, David Scott, alisimama juu ya mwezi akaachia nyundo na unyoya kwa pamoja. Kule hakuna hewa ya kuupunga unyoya, basi vyote viwili viligusa vumbi kwa wakati mmoja. Sababu yake ni hii: kitu kizito huvutwa kwa kani kubwa zaidi, lakini pia ni kigumu zaidi kukisukuma kikaenda, na mambo hayo mawili yanaongezeka kwa kiwango kilekile. Kwa hiyo Fuso tupu na Fuso yenye viazi zikiachiwa frii juu ya mteremko mmoja, zitaongeza kasi karibu sawa. Ile tupu itachelewa kidogo tu kwa sababu upepo unaizuia vilevile huku yenyewe ni nyepesi. Hapo mpe kijana haki yake.

Sasa njoo kwako. Gari likiwa juu ya mlima limebeba kitu ambacho hakiandikwi kwenye karatasi ya mzigo, nacho ni nishati tuli. Hesabu yake ni fupi: tungamo, mara 9.8 ya mvutano wa dunia, mara kimo unachoshuka. Tuseme Fuso yako tupu ni tani 6, na ikiwa na viazi ni tani 15. Tuchukue mteremko ambao kutoka juu hadi chini unapoteza mita 300 za kimo. Tupu inashuka na jouli milioni 17.6. Yenye viazi inashuka na jouli milioni 44.

Tarakimu hizo hazinuki wala haziunguzi, kwa hiyo tuzipeleke jikoni. Jouli milioni 44 zinatosha kuchemsha madumu 7 ya lita 20, kuanzia maji ya baridi ya bombani. (Hapa Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, ndiyo maana maharage yetu yanakula kuni kuliko ya Dar es Salaam.) Gari tupu halifikishi hata madumu 3. Semitrela ya tani 50 inayoshuka kimo hichohicho inabeba madumu 23.

Na moto huo lazima uende mahali. Nishati haipotei, hubadilika sura tu. Ukiiachia, yote inageuka nishati mwendo, yaani gari linakimbia. Unajua mita 300 za kimo zingekupa kasi gani kama hakuna kinachozuia? Kilomita 276 kwa saa. Na ili ufike kilomita 80 kwa saa huhitaji mlima wowote wa maana: kimo cha mita 25 kinatosha. Kwenye mteremko wa asilimia 6, yaani unaoshuka mita 6 kwa kila mita 100 za barabara, hiyo ni chini ya nusu kilomita. Ndiyo maana madereva waliopona Kitonga au mteremko wa Iwambi wanasimulia kwamba gari "lilishika kasi ghafla". Halikuwa na ghafla yoyote. Ni kwamba mlima una akiba kubwa mno ukilinganisha na kidogo kinachohitajika kulifanya gari lishindikane.

Mtu aliyetuonyesha kwamba kitu kinachoshuka kinaweza kugeuka joto, na kwa kipimo kinachojulikana, ni Mwingereza James Joule, ambaye jina lake ndilo hilo tunalotumia kuhesabu. Miaka ya 1840 alifunga mawe ya mizani kwenye kamba, yakishuka yanazungusha mapanga ndani ya chombo cha maji, naye anapima maji yamepata joto kiasi gani. Fuso yako ni jaribio lile lile. Mawe ni viazi, na mahali pa maji ni ngoma zako za breki.

Tuziangalie hizo ngoma, yaani vile vyuma vya duara vinavyozunguka na magurudumu, ambavyo viatu vya breki hutanuka na kuvikandamiza kwa ndani. Tuseme gari lina ngoma 4, kila moja kilo 40 za chuma cha kutupwa. Ukishuka kwa breki za mguu peke yake, na tukiacha kinachomezwa na matairi na upepo, gari tupu lingezipandisha ngoma nyuzi 240 hivi. Lenye viazi lingezipandisha nyuzi 600. Kwenye joto hilo chuma kinaanza kuonekana chekundu gizani. Bahati nzuri sehemu ya joto inaondoka na hewa njiani, lakini umeona tofauti ilipo. Kasi ya kijana ni ileile, gari ni lilelile, breki ni zilezile, ila kazi viliyopewa vile viatu vya breki imezidi mara mbili na nusu.

Ndipo pedali inapozama, na hapa nataka ukae nami kidogo kwa sababu ndiyo kazi ninayoifanya kila siku gereji. Mambo mawili yanatokea kwa pamoja. Kwanza, ngoma inatanuka. Ngoma yenye kipenyo cha sentimita 41 ikiongezeka joto nyuzi 300, kipenyo chake kinakua zaidi ya milimita moja. Inakimbia viatu. Unakanyaga zaidi ili kuifuata, na mguu unaenda chini. Pili, lainingi yenyewe, yaani ile tabaka ya kiatu inayosuguana na ngoma, ikishapita joto iliyotengenezewa, haishiki tena kama mwanzo. Nikifungua gurudumu la gari lililochomwa namna hiyo naliona bila kuuliza: lainingi imeng'aa kama kioo, ukipitisha kidole kinateleza. Ngoma kwa ndani ina madoa ya buluu na nyufa nyembamba kama za udongo wa mbugani wakati wa kiangazi. Halafu mwenye gari ananiambia, "Lakini fundi, asubuhi nilizijaribu zilikuwa zinashika." Zilishika kweli. Zilikuwa za baridi.

Kwa hiyo kabla hujamkubalia kijana kwamba breki ni mbovu, leta gari tupime unene wa lainingi na mafuta ya breki. Inawezekana naye ana lake. Lakini breki nzima kabisa, mpya kutoka kwenye boksi, nazo zinachomeka ukizibebesha mlima mzima peke yao.

Hapo tunaingia kwenye swali lako la pili. Naomba unisikilize vizuri, maana hili la frii linaua watu.

Jumla ya nishati ya mlima huwezi kuipunguza. Ushuke taratibu au haraka, ni madumu yaleyale 7. Unachoweza kuchagua ni nani ayabebe, na kwa muda gani. Mteremko wetu wa asilimia 6 wenye kimo cha mita 300 ni barabara ya kilomita 5. Ukishuka kwa kilomita 30 kwa saa unatumia dakika 10, na mlima unakumwagia joto la kilowati 73, kama pasi za umeme 73 zilizowashwa kwa pamoja. Ukishuka kwa kilomita 60 kwa saa ni dakika 5, na pasi zimekuwa 147. Ngoma inapoa kwa hewa, na hewa inahitaji muda. Ukiinyima muda, joto linajazana.

Na nani abebe? Injini. Ukiwa kwenye gia nzito, yaani gia ndogo, na mguu umetoka kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Pistoni zinabana hewa, na ukiwasha breki ya eksozi bomba la moshi linazibwa, pistoni zinasukumana na hewa iliyokosa pa kutokea. Kazi hiyo yote ni nishati ya mlima inayotoka kupitia eksozi na rejeta badala ya kwenda kwenye ngoma. Gia ikiwa ndogo, injini inazunguka haraka zaidi kwa kila mita ya barabara, inameza zaidi. Ndiyo maana ya ule usemi wa madereva wakongwe kwamba gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Kwa magari ya siku hizi yenye injini za nguvu, yanayopanda na gia kubwa, mimi ningesema shuka na ndogo zaidi ya hiyo.

Ukiweka frii umemfukuza huyo mbebaji. Madumu yote 7 yanahamia kwenye viatu vya breki. Na ukishachelewa, ukataka kurudisha gia kwenye kilomita 80 kwa saa, gia kubwa labda itaingia lakini haitakusaidia, na ile ndogo unayoihitaji haiingii, inasaga tu.

Mafuta unayodhani unabana hayapo. Gari likiwa kwenye gia mteremkoni na mguu umetoka, pampu ya dizeli inakata mafuta, kwa sababu magurudumu yanatosha kuizungusha injini. Ukiweka frii, injini lazima iunguze dizeli ili isizime. Anayeweka frii anatumia mafuta zaidi ya anayeshuka na gia. Waambie wenzako hilo kwa herufi kubwa.

Breki za mguu zitumie kwa kipimo. Usiegemeze mguu kwenye pedali mlima mzima. Chagua kasi yako, tuseme 30. Ikifika hapo kanyaga kwa uhakika mpaka ishuke 20 hivi, achia kabisa, acha gari lijipandishe tena polepole huku injini inalizuia. Joto la jumla halibadiliki sana, ila ukikanyaga kwa uhakika magurudumu yote yanashika na kugawana mzigo. Ukigusa kidogokidogo kwa muda mrefu, mara nyingi ni ngoma moja au mbili zinazobeba wenzake, na hizo ndizo zinazoanza kunuka.

Mwonyeshe kijana pia upande mzuri wa nishati hiihii. Maji ya Usangu yakishuka na Ruaha Mkuu yanapita Mtera halafu Kidatu, na pale Kidatu yanazungusha mitambo ya megawati 204. Ni kani ileile inayoivuta Fuso yako, ila kule chini kuna kitu kilichojengwa kuipokea.

Kuhusu lumbesa, yaani kujaza mzigo kupita kiasi: kila gunia la kilo 120 linaongeza jouli 353,000 kwenye mteremko wetu wa mfano, zaidi ya lita moja ya maji ya kuchemka. Magunia 17 ya nyongeza ni dumu zima. Mwenye mzigo akikubembeleza Isyonje uongeze, hesabu hiyo ifanye kabla ya kumjibu.

Na ukifika chini breki zikiwa zinanuka, usimruhusu utingo azimwagie maji. Nimeshabadilisha ngoma zilizopasuka kwa namna hiyo. Egesha pahali tambarare, weka mawe kwenye matairi, na kama hendibreki yako inashika ngoma zilezile za magurudumu usiivute kwanza, maana ngoma ikipoa inasinyaa na kuvibana viatu. Ngoja mpaka uweze kusogeza kiganja karibu na rimu bila kukirudisha, ndipo uondoke.