Jibu: Nani alipie upimaji wa udongo wa gereji ya zamani, Moshi?

Habari mkuu. Umeuliza kama halmashauri inaweza kulipia upimaji wa udongo pale ilipokuwa gereji, ili mtaa wenu upate kujenga soko hapo.

Angalia umiliki kwanza. Kiwanja kikiwa cha mtu binafsi, usitegemee fedha za umma. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inamtaka aliyechafua agharamie. Kikiwa cha halmashauri, ombi lipite serikali ya mtaa, Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha Baraza la Madiwani. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, kwa hiyo ombi la Mei limeshachelewa. Ombeni upimaji peke yake. Gharama ya kusafisha haijulikani kabla ya majibu.

Kwenye sampuli ndipo wengi wanaharibu. Chimbeni pale oili chafu ilipokuwa inamwagwa, palipo peusi na panaponuka, si katikati ya uwanja. Chukueni udongo kwa kina cha sentimita 15, 50, kisha mita 1. Udongo wa kupima petroli ujazwe chupa ya kioo hadi mdomoni, ufungwe hapo hapo, uwekwe kwenye barafu. Msiukoroge kwenye ndoo, petroli inageuka mvuke na kupotea. Chukueni na udongo wa jirani usioguswa, maana huu wetu wa volkano una madini yake ya asili. Bila wa kulinganisha mtailaumu gereji bure. Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara ya kanda Arusha, waulizeni vyombo vya sampuli kabla ya kuchimba.