Kabla ya Kuwasha Gesi, Kausha Mchanga

Juma lililopita kijana anayejifunza kazi kwangu hapa Nakuru aliniletea paipu tatu za chuma alizoziharibu. Alikuwa akitengeneza manifoldi ya kuingizia hewa, yaani paipu zinazopeleka hewa kwa kila silinda, ya injini ya silinda 4, na kila paipu ilikuwa imebonyea pale kwenye kona. Alitaka nimwonyeshe namna ya kushika moto. Nilimpa karai na chekeche, nikamtuma akatafute mchanga wa mtoni.

Paipu ikikunjwa, upande wa nje unavutika na kuwa mwembamba, wa ndani unajikusanya na kufanya makunyanzi. Kama hakuna kitu cha kuzishikilia kuta hizo, zinaangukiana katikati. Silinda inayolishwa na paipu hiyo itapata hewa pungufu kuliko wenzake, na hakuna kurekebisha mafuta kutakakoiponya. Mchanga uliojazwa ndani ya paipu ndio unaozuia kuta zisianguke.

Chekecha mchanga uwe laini, kisha uukaange mpaka ukauke kabisa. Shikilia kifuniko baridi cha sufuria juu yake. Kikifanya ukungu, endelea kukaanga. Sisemi haya kwa kusikia. Nikiwa bado mgeni katika kazi hii nilijaza mchanga wenye unyevu, nikaziba ncha zote mbili kwa vizibo vya mti, nikawasha gesi. Maji yaligeuka mvuke ndani ya paipu na kizibo kikafyatuka, kikapita kando ya sikio langu. Tangu siku hiyo kizibo kimoja nakitoboa tundu dogo la kupumulia, na simruhusu mtu yeyote kusimama mkabala na ncha za paipu.

Kujaza ndiko kunakotaka subira. Simamisha paipu, mimina kidogo, gonga ubavuni kwa nyundo ya mti, mimina tena. Mlio utaanza kama wa debe tupu, kisha utakuwa mzito. Mchanga ukishuka hata kidogo baada ya kugonga, bado haujajaa. Huyu kijana alichukua karibu nusu saa kwa paipu moja, nami nikaridhika.

Chuma kipashe sehemu yote ya mkunjo, si nukta moja, hadi kiwe chekundu, kisha kizungushe polepole kwenye kalibu. Mimi sikunji kona kali: kwa paipu ya kipenyo cha milimita 40, naanza na nusu kipenyo cha mkunjo cha milimita 120, nikipima hadi katikati ya paipu. Alumini usiingojee iwe nyekundu, maana huyeyuka kwenye nyuzi 660 za selsiasi bila kukuonya kwa rangi. Ipake sabuni ya mche na uipashe taratibu. Sabuni ikigeuka nyeusi, ondoa moto, iache ipoe, ndipo ukunje. Paipu za mabati ziache kabisa. Moshi wa zinki huleta homa, na maziwa ambayo mafundi wengi tunakunywa hayaukingi mwili.

Ncha inayoingia kwenye silinda hedi, kile kichwa kinachofunika silinda kwa juu, mara nyingi haitakiwi kuwa duara. Zungusha waya mwembamba ndani ya tundu la hedi upate mzingo wake, kisha chagua paipu ambayo mzingo wake wa ndani unalingana na huo. Ibane kwenye jiliwa ukiwa umeingiza kalibu ya mti mgumu yenye umbo la tundu hilo. Flenji, yaani bamba la kufungia paipu kwenye hedi, nayo ifungie kwa bolti kwenye hedi kuukuu kabla ya kuichomelea, la sivyo joto litaipinda na hewa itavuja kwenye gaskiti, kile kizibio kinachokaa kati ya flenji na hedi.

Sasa kusafisha, na hapa ndipo moyo wangu unaposhtuka kila mara. Niliwahi kumkabidhi mteja manifoldi nzuri kwa macho, ila ndani ya mkunjo mmoja mchanga ulikuwa umegandia. Injini ikaunyonya. Haukupita muda mrefu gari likaanza kula oili; tulipofungua, silinda zilikuwa na mikwaruzo na ringi za pistoni zimelika. Gharama nilibeba mimi, na ilikuwa haki.

Kwa hiyo nagonga, napitisha brashi ya waya, naosha, napuliza kwa kompresa, halafu navuta kitambaa cheupe ndani ya paipu kwa kamba. Kijana wangu alivuta chake mara nne juzi. Mara ya nne kilitoka cheupe, ndipo nikampa funguo za mtungi wa gesi achomelee flenji.