Kuzamia jioni Loch Long kwa aliyezoea Mnemba

Mkuu, umeuliza kama mtu aliyejifunzia kuzamia Mnemba, kile kisiwa kidogo cha Zanzibar, anaweza kuingia baharini Uskochi jioni na asigande. Anaweza. Mimi nipo Glasgow mwaka wa sita, na tuko wanne tunaokwenda Loch Long, upande wa Arrochar, mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Usidanganywe na jina: "loch" huitwa hata maziwa, lakini hili si ziwa. Ni hori la bahari lililoingia katikati ya milima, maji ya chumvi, yanajaa na kupwa kama kwetu.

Ile suti yako ya milimita 3 iache kabatini. Machi, wakati bahari ya huku iko baridi kupita kiasi, kompyuta yangu ya kuzamia, inayovaliwa mkononi kama saa, ilisoma nyuzi 7. Unavaa suti kavu, yaani isiyoingiza maji, na ndani yake nguo nzito mpaka unatembea kama mtoto aliyevalishwa masweta matatu. Suti ina hewa, inakuvuta juu, kwa hiyo risasi za kukuzamisha, vile vipande vya uzito, zinaongezeka: Mnemba nilifunga kilo 4, huku kilo 13. Kiwiliwili hakiteseki. Wanaoteseka ni midomo na vidole.

Mita mbili za juu maji ni rangi ya chai ya rangi, kwa sababu mito inashuka na mboji ya milimani na maji yake yasiyo na chumvi yanaelea juu ya yale ya chumvi. Ukipita hapo, kunafunguka, na giza ni giza kweli. Kwenye mteremko wa tope, mita 18, nilimulika shimo nikakuta kamba wa rangi ya chungwa amesimama mlangoni, makucha mbele, macho meusi kama mbegu za papai. Jirani yake kuna viumbe vimesimama kama manyoya yaliyochomekwa matopeni. Zima tochi, kiguse kimoja taratibu: mwanga wa kijani unakimbia mwilini mwake halafu unazimika.

Sasa kosa langu. Nchi kavu ilikuwa nyuzi 1, nami nikasimama ufukweni nikipumulia regyuleta, kile kifaa cha mdomoni kinacholeta hewa ya mtungi, mara kumi nzima "kuijaribu". Unyevu wa pumzi ukabaki ndani. Kule chini nikajaza hewa kwenye suti huku navuta pumzi, regyuleta ikaganda na kumwaga hewa bila kukoma. Shinikizo la mtungi likashuka kutoka bar 140 hadi 60 nikiwa bado natafuta cha kufanya. Mwenzangu akanipa kipumulio chake cha akiba, akafunga valvu ya mtungi wangu, tukapanda polepole, tukasimama mita 5 dakika tatu ambazo sikuzifurahia hata kidogo. Tangu hapo najaribu kwa pumzi mbili tu, na regyuleta yangu ni ya maji ya baridi.

Ukija Juni ujue jua linazama saa 4 usiku, kwa hiyo "jioni" utaisubiri sana. Na usije peke yako: zipu ya suti yangu iko mgongoni, na siku ile vidole vilikuwa vimekufa kiasi kwamba hata kifuniko cha chupa ya chai nilifunguliwa.