Maswali na Majibu: Wafu Wanaorudi Kwenye Sizoni

Tangu niandike juu ya tamthilia za kisayansi ambazo wahusika wake hufa leo na kurudi kesho, maswali yamenijia mengi kuliko nilivyotarajia, na karibu nusu yake ni swali moja lililoandikwa kwa maneno tofauti. Nimechagua machache. Wale mnaouliza kama fulani anakufa mwishoni, ilhali hata sehemu ya kwanza hamjaifungua, sitawajibu leo wala wiki ijayo.

Kapteni Jack Harkness amekufa mara ngapi kwa jumla? (Msomaji, Kirumba)

Anayekutajia idadi anabahatisha. Jack aliuawa na Dalek, kiumbe adui, mwaka 2005, katika sehemu ya mwisho ya sizoni ile ya Doctor Who, tamthilia ya Uingereza ya msafiri wa wakati aitwaye Daktari; Rose Tyler, rafiki wa Daktari, akamrudishia uhai kwa nguvu ambayo yeye mwenyewe hakuweza kuitawala, na tangu hapo kila akifa huamka. Katika Torchwood, tamthilia iliyochipuka kutoka Doctor Who, kwenye sizoni iliyorushwa mwaka 2008, alipelekwa nyuma hadi mwaka 27, akafukiwa ardhini mahali ambapo leo ni jiji la Cardiff, akaja kufukuliwa mwaka 1901. Hiyo ni karibu miaka 1,900 ya kukosa hewa, kufa, kuamka gizani na kukosa hewa tena. Chukua kalamu, ndugu yangu, uanze kuhesabu.

Daktari wa Doctor Who anapobadilika sura, je, amekufa au amejigeuza tu? (Msomaji, Igoma)

Amekufa kwa kiasi, na kiasi hicho ndicho kinachonivutia. Mwaka 1966 afya ya William Hartnell, mwigizaji wa kwanza, ilikuwa imezorota, na watengenezaji, badala ya kuifunga tamthilia, walimlaza Daktari sakafuni akainuka akiwa Patrick Troughton. Kumbukumbu zilibaki, lakini tabia, mwendo na hata namna ya kucheka vilikwenda na yule wa kwanza, na rafiki zake walilazimika kumzoea mtu mgeni anayewajua kwa majina. Mwaka 1976 waandishi waliweka mpaka wa kubadilika mara 12 tu. Hesabu hiyo ilipokwisha mwaka 2013, Daktari alipewa mzunguko mpya kabisa wa uhai, jambo ambalo mimi binafsi sikulifurahia, kwa kuwa tulikuwa tumelisubiri deni hilo kwa miaka 37 ili tuone litalipwaje, likaishia kusamehewa.

Kara Thrace wa Battlestar Galactica, yule rubani aliyekufa, alikuwa nini hasa aliporudi? (Msomaji, Buzuruga)

Waandishi walimfanya atoweke kwenye uwanda wa nyasi mwaka 2009 bila kumweleza, nami sitawafanyia kazi yao.

Kama steringi hafi, tunapata faida gani kukodoa macho usiku kucha? (Msomaji, Mabatini)

Swali hili nimekwisha kulijibu mara tatu, na kila mara linarudi kama Jack mwenyewe. Nitalijibu kwa kirefu ili tulizike, ingawa sina uhakika kwamba litakaa kaburini.

Mimi nimekulia hapo hapo Mabatini, kwenye kibanda umiza chenye mabenchi ya mbao zisizopigwa randa, turubai jeusi dirishani na jenereta likikohoa nje. Jioni moja steringi alikufa kweli. Alilala chini, muziki ukashuka, majina yakaanza kupanda kwenye kioo, na hakuna mtu aliyeinuka. Kijana mmoja wa benchi la mbele alitutuliza kwa kusema kwamba lazima mkanda una sehemu ya pili. Wenzake wakamfuata mwenye kibanda mlangoni wakidai warudishiwe hela zao, kwa hoja kwamba waliuziwa picha ambayo steringi anakufa. Hawakurudishiwa.

Vijana wale walikuwa na haki ya kulalamika, kwa sababu waliingia wakiamini kuna makubaliano. Tamthilia ninazoziandikia hapa zina makubaliano mengine: steringi atakufa, pengine atarudi, lakini lazima aonekane amelipa nini njiani. Pale anaporudi bure, na kesho yake anakunywa chai na wenzake kana kwamba alikuwa ameenda dukani, nahesabu kwamba nimeibiwa, hata kama picha zenyewe ni za kuvutia kiasi gani.

Mtazameni Owen Harper wa Torchwood. Alipigwa risasi mwaka 2008 na kurudishwa kwa kifaa chenye umbo la glovu, lakini mwili wake ulibaki maiti inayotembea: chakula hakisagiki, usingizi hauji, na kidole kikivunjika hakiungi tena maisha yake yote, kama bado tunaweza kuyaita maisha. Daktari Hugh Culber wa Star Trek: Discovery aliuawa mwaka 2018, akarudi mwaka uliofuata katika mwili mpya, na akajikuta hawezi kuishi na mpenzi wake kama zamani kwa sababu hata ngozi yake ilikuwa ngeni kwake. Cylon, maroboti wenye sura ya binadamu wa Battlestar Galactica, walikuwa wakifa vitani na kuamka katika miili mingine, mradi wawe karibu na meli ya ufufuo; kituo kikuu cha ufufuo huo kilipolipuliwa, kila kifo chao kikawa cha mwisho, na ghafla maadui wale wale wakaanza kuzungumza kama watu wenye kitu cha kupoteza. Nayo Torchwood ya mwaka 2011 iliupindua mchezo wote: duniani hakuna anayekufa, hospitali zinafurika majeruhi wasioweza kupona wala kuondoka, na Jack peke yake ndiye anayeweza kuuawa.

Wasukuma tulikuwa na kipimo hiki kabla ya televisheni. Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote pamoja na mifugo yao, akabaki mwanamke mjamzito aliyejificha, akamzaa Masala Kulangwa, na kijana huyo akaliua zimwi na kulipasua tumbo, wakatoka wote wakiwa hai. Bibi yangu hakuwahi kuiachia hadithi hapo. Kisu cha kijana, alisema, kilikata sikio la mtu aliyekuwa humo ndani, na mwenye sikio alitoka akiwa na hasira. Nchi nzima imerudi kutoka tumboni, na bado kuna sikio moja la kuulizwa. Mwandishi wa sizoni asiyekuwa na sikio la namna hiyo simwamini.

Mwanangu wa miaka 6 alimwona Daktari akibadilika, sasa anauliza babu yake tuliyemzika Ukerewe atarudi na sura gani. Nimjibu nini? (Mama, Nyamanoro)

Pole sana kwa msiba, mama. Mjibu leo, na utumie neno lenyewe: babu amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, na hatarudi kwa sura yoyote. Tafadhali usimwambie kwamba amelala au amesafiri, kwa kuwa mtoto wa umri huo hulichukua neno kama lilivyo, na kila meli itakapoingia kutoka Nansio atataka kwenda bandarini kumpokea. Watoto wengi wa umri wake bado hudhani kifo kinaweza kutenguliwa, kwa hiyo swali lake si la ajabu, na huenda akalirudia mara nyingi. Mjibu vilevile kila mara bila kumkemea. Kisha mwonyeshe picha ya Hartnell na ya Troughton, umweleze kuwa hawa ni watu wawili waliofanya kazi moja kwa zamu, na kwamba Hartnell alifariki mwaka 1975 kama wazee wengine, huku tamthilia ikiendelea bila yeye.

Hukuniuliza hili, lakini nitalisema: mtoto wa miaka 6 asiangalie vitu hivi peke yake. Kaa naye, hata kama unachambua mchele.

Weyoun, yule mwakilishi wa maadui katika Star Trek: Deep Space Nine, aliuawa, kisha nikamwona tena. Ni mapacha? (Msomaji, Sengerema)

Ni nakala zinazooteshwa maabara, na kila moja hurithi kumbukumbu za iliyotangulia. Weyoun wa kwanza tuliyemwona aliuawa katika sehemu ile ile aliyoingia, mwaka 1996, lakini Jeffrey Combs alimwigiza vizuri kiasi kwamba watengenezaji walitafuta njia ya kumrudisha, nao uzao huo ukawapa mlango. Kwa mara moja nawapongeza, kwa sababu nakala hazikuwa sawa: ya 6 iliwaasi mabwana zake, na ya 8 ilipopigwa risasi mwaka 1999 hapakuwa na nyingine ya kuifuata.

Nimenunua sizoni ya 6 ya Stargate SG-1 na Daniel Jackson haonekani. Je, aliyenijazia flashi amenidanganya? (Msomaji, Nyegezi)

Hajakudanganya, umeanzia katikati. Daniel alipata mionzi mikali karibu na mwisho wa sizoni ya 5 alipokuwa akizuia mlipuko, akaacha mwili na kupanda katika hali nyingine ya kuwa, kwa sababu mwigizaji wake, Michael Shanks, alikuwa ameondoka. Katika ya 6 hutokea mara chache tu kama mgeni asiyeshikika. Anarudi mwanzoni mwa sizoni ya 7 akiwa uchi na hana kumbukumbu hata ya jina lake, na hiyo naihesabu kuwa malipo halali. Rudi kwa kijana wako wa flashi na umwombe ya 5 na ya 7, umlipe zote mbili, na ukague majina ya mafaili kabla hujaondoka dukani, maana wengi wao huruka sehemu ya kwanza.