Nyie wageni wa zamu ya koala, njooni tuongee

Agosti imeingia, madume wameanza kutangatanga usiku kutafuta majike, simu ya dharura hailali, na kundi letu la WhatsApp limejaa tena picha za watu waliomkumbatia koala kama mtoto wa dada yao. Wadogo zangu mnaojitolea kuokoa koala huku Logan na Brisbane, Queensland, Australia, nawapenda sana. Lakini jamani!

1. Usimnyweshe kwa chupa. Koala mzima hupata maji yake mengi kwenye majani. Akishuka chini kukuomba, basi joto limemzidi au anaumwa. Ukimwinua kichwa, maji yanaweza kuingia mapafuni. Weka bakuli chini, rudi nyuma, piga simu. Najua mmeiona picha ya yule mzimamoto wa Victoria akimnywesha koala aliyeitwa Sam, mwaka 2009. Dunia nzima iliiona. Kisichosimuliwa ni kwamba Sam alikuwa na klamidia, ugonjwa wa bakteria unaoshambulia macho na kibofu cha koala, na mwaka huohuo ilimmaliza.

2. Akitulia mikononi mwako hajakupenda, ameogopa. Funika kwa kikapu cha nguo, weka kitu kizito juu, subiri wenye uzoefu. Kiganja chake cha mbele kina vidole gumba viwili, na kucha zake ni za kupandia miti. Akikushika hakuachii mpaka mwafikiane.

3. Macho mekundu kila mtu anayaona; angalia na matako, manyoya yakiwa yamelowa na kuwa ya kahawia, hiyo ni klamidia ya kibofu.

4. Jike aliyegongwa na gari akaguliwe mfuko wa tumboni anamobeba mtoto, hata kama ameshakufa. Mtoto akiwa bado ameng'ang'ania chuchu usimvute, waleteni wote wawili pamoja.

5. Andika mahali alipookotwa. Hapa mnivumilie.

Nilipokuwa mgeni kama nyie, nilimchukua dume mmoja kando ya barabara, jicho moja limevimba na kuganda usaha. Mengine yote nilifanya sawasawa: blanketi, kizimba, taulo juu kumkinga na mwanga, redio ya gari nikazima. Hospitali ya wanyama wakanipa fomu. Kwenye mahali nikaandika kama nilivyolelewa: "Karibu na kituo cha mafuta, ng'ambo ya mti mkubwa." Kwetu Tabora hiyo ni anwani kamili. Mtu anakuelekeza kwake kwa mwembe na duka la Mpemba, na unafika. Barabara ile ina vituo vya mafuta viwili. Miti mikubwa sisemi, hii ni Australia.

Dume akatibiwa wiki kadhaa, jicho likafunguka, akanenepa. Siku ya kumrudisha nikapigiwa simu: kituo kipi? Sheria ya Queensland hairuhusu koala aachiwe popote penye majani mazuri. Anatakiwa arudi alipotoka au karibu na hapo. Ana miti yake anayoijua, dume huisugulia kifua ili ibaki na harufu yake, na ukimpeleka kwingine ataanza safari ya kutafuta kwao. Ningeweza kusema sikumbuki. Nikaona aibu, mgeni mimi, nikajibu "kile cha kwanza" kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Tukamwachia pale. Akapanda mti bila kugeuka, tukapiga makofi.

Hakukaa. Aliletwa tena ndani ya taulo la mtu mwingine, amegongwa, ameokotwa katikati ya vituo viwili upande wa kuelekea kile cha pili. Kibati cha sikioni kilikuwa na namba yake. Dada wa mapokezi akaisoma, akaniangalia, hakusema neno. Akanisogezea fomu nyingine nijaze. Safari hiyo mahali nilipaandika vizuri sana, mpaka namba ya nguzo ya umeme.

Kwa hiyo nikiwafokea kuhusu lokesheni msinune. Itume kwenye kundi kabla gari halijaondoka, pamoja na jina la barabara na picha ya mti wenyewe. Tangu 2022 koala wa huku wameorodheshwa kuwa hatarini kutoweka, na bado juzi mtu ameniandikia "Daisy Hill, karibu na kona". Kona ipi, ndugu yangu?

6. Hakuna kulea mtoto wa koala nyumbani bila kibali. Hata kama mama mkwe amempenda.

7. Majani. Mikaratusi ina aina mamia, koala anakula chache, na majani ya jana hayataki. Lazima mtu aamke akate, abebe, abadilishe maji ya ndoo, azoe kinyesi na kukihesabu, maana kikipungua daktari anataka kujua. Hii ndiyo kazi yenyewe, siku nyingi hata koala humwoni uso, amekugeuzia mgongo amelala. Orodha ya Jumamosi nimeibandika tena. Ya kulisha mtoto imejaa mpaka pembeni mwa karatasi, na mtoto ni mmoja. Ya kuosha vizimba ina jina langu tu.