Mizani haijashuka, lakini usiache kutembea

Mdogo wangu uliyeuliza kama uache kutembea asubuhi, kwa kuwa una miaka 47, presha imeanza kupanda na kilo ziko palepale: tafadhali usiache. Mizani haipimi moyo.

Mimi nilipata presha ya mimba kwenye uzazi wa pili. Ikashuka nilipojifungua, nikaona yamekwisha. Wengi hatuambiwi kwamba aliyepitia hali hiyo anabaki kwenye hatari zaidi ya kuugua presha na moyo miaka mingi baadaye. Hedhi ilipokoma presha ikarudi, 152/96. Homoni ya estrojeni huilinda mishipa yetu ya damu kwa kiasi fulani, na umri huo ndio inapopungua.

Nikaanza kutembea alfajiri na majirani hapa Tanga, kutoka Bombo kwenda Raskazone. Si mwendo wa sokoni. Ni ule ambao unaweza kuongea lakini kuimba huwezi. Damu ikienda kasi hivyo, kuta za mishipa hutoa kemikali inayoitanua, na ukifanya mara kwa mara mishipa inakuwa laini zaidi. Misuli nayo hutumia sukari vizuri. Yote haya hutokea hata kilo zisiposhuka. Mimi nilipungua kidogo sana, ila presha sasa inacheza kwenye 130 kwa 82, na ngazi za kazini napanda bila kuhema. Dawa sikuacha, daktari ndiye aliyepunguza dozi.

Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki, na siku mbili za kuimarisha misuli. Kuna utafiti wa Marekani wa 2024, watu zaidi ya 400,000: punguzo la vifo ambalo wanaume walilipata kwa dakika 300 za mazoezi kwa wiki, wanawake walilifikia kwa 140 hivi. Hilo lilinipa moyo sana.

Wanaokwambia kufua na kupiga deki kunatosha usiwasikilize. Kazi hizo zinachosha kweli, lakini mara nyingi hazipandishi mapigo kwa muda wa kutosha. Naona maneno hayo yanatunyima nusu saa yetu.

Pima presha kwanza. Namba ya juu ikiwa 180 au zaidi, muone daktari kabla ya kutembea tena. Na njiani ukihisi kifua kubana, maumivu ya taya au mgongo, kichefuchefu au uchovu usio wa kawaida, simama, uwahi hospitali mara moja.