Fungeni madaftari: nilichojifunza baada ya kuandika barua ya kujieleza

Juzi usiku nimepokea ujumbe kutoka kwa mwalimu kijana anayefundisha Jiografia mkoani Kigoma. Nimemwomba ruhusa niutumie hapa, amekubali. Anaandika: "Shikamoo mwalimu. Nimemaliza mada, nimewapa notsi nzuri, nimerudia mara mbili, wote wakasema wameelewa. Wiki iliyofuata nikawapa jaribio, nusu ya darasa wakarudisha karatasi nyeupe. Mwalimu, tatizo ni mimi au ni wao?"

Marahaba, mdogo wangu. Niliposoma ujumbe wako nilikaa kimya muda mrefu. Swali hilo niliwahi kuulizwa mbele ya watu, na sikuwa na jibu.

Mwaka 2017 nilikuwa na miaka mitano kazini, shule ya kata mkoani Singida. Ada ilikuwa imefutwa tangu Januari 2016 na madarasa yamejaa. Kidato cha Pili changu kilikuwa na wanafunzi 84 katika chumba kimoja, wengine wamekalia matofali. Nilifundisha Baiolojia, na kitu nilichojivunia kuliko vyote ni notsi zangu. Ubao wangu ulikuwa umepangika kama kitabu. Moyo niliuchora kwa chaki za rangi nne, kila mshipa na jina lake, na walimu wa shule jirani waliazima madaftari ya wanafunzi wangu ili wanakili. Nikimaliza nauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima linaitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Natoka nimeridhika, vumbi la chaki hadi kwenye viwiko.

Matokeo ya Upimaji wa Kidato cha Pili yakatoka. Kikao cha kwanza cha Januari, mkuu wa shule alisoma somo baada ya somo, la kwangu akaliweka mwisho, kisha akasema mbele ya walimu wote kwamba Baiolojia ndiyo iliyoiangusha shule. Nilipewa siku mbili niandike barua ya kujieleza.

Niliandika kurasa mbili. Nililaumu maabara isiyo na darubini, watoto wanaotembea kilomita nyingi na kuingia darasani na njaa, msimu wa kuvuna alizeti unaowatoa shuleni, msingi dhaifu wa Kiingereza. Yote yalikuwa kweli. Lakini nakala ya barua hiyo ninayo hadi leo kwenye bahasha ya kaki, na kila nikiisoma naona jambo moja: hakuna mahali nilipoeleza wanafunzi wangu walikuwa wanajua nini na hawajui nini. Nisingeweza kueleza, kwa sababu sikuwahi kujua. Nilijua nilichofundisha tu.

Sitaficha kwamba kikao kile bado kinaniuma. Mwaka mzima hakuna kiongozi aliyewahi kukaa nyuma ya darasa langu hata dakika kumi, kisha nikaambiwa nimeangusha shule. Lakini maumivu yale ndiyo yaliyonifanya nianze kutafuta.

Nilianza kwa kupotea. Muhula uleule nilihudhuria semina moja, mwezeshaji akatufundisha kwamba wanafunzi wako aina tatu: wanaojifunza kwa kuona, wanaojifunza kwa kusikia na wanaojifunza kwa kutenda, na kila aina ifundishwe kwa njia yake. Alisema ni utafiti, nami nikaamini. Nilinunua manila na kalamu za rangi kwa fedha yangu, nikawahoji watoto 84 mmoja mmoja, nikawapanga makundi matatu, nikaandaa kila somo mara tatu. Muhula mzima ulikwenda hivyo. Nilichoka kuliko wakati wowote wa kazi yangu na majaribio hayakusogea. Baadaye ndipo nikajua kwamba tangu mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, Harold Pashler na wenzake, walikuwa wameupitia ushahidi wa dai hilo na kukuta hautoshi kumfanya mwalimu apange darasa namna hiyo. Miaka kumi ilikuwa imepita na sisi bado tunafundishwa kwenye semina! Tangu hapo mtu akiniambia "utafiti unasema", namuuliza: uliwalinganisha kina nani na kina nani, na walipimwa baada ya muda gani?

Aliyenivusha ni rafiki yangu tuliyesoma naye ualimu, ambaye wakati huo alikuwa akisoma shahada ya uzamili. Nilimpigia simu nikiwa nimekata tamaa. Akaniambia, "Kaka, kuna Wamarekani walikaririshwa Kiswahili. Soma kwanza hiyo, halafu tuongee." Akanitumia utafiti wa Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, uliochapishwa mwaka 2008. Niliusoma kwa kamusi, usiku tatu.

Watafiti hawa walichukua wanafunzi wa chuo kikuu, wakawapa maneno 40 ya Kiswahili, kila neno na maana yake ya Kiingereza. Mashua ni mojawapo. Wanafunzi walisoma orodha, wakaulizwa, wakasoma tena, wakaulizwa tena. Tofauti ilianza pale mwanafunzi alipolipatia neno kwa mara ya kwanza. Kundi moja liliendelea kulisoma neno hilo na kuulizwa. La pili liliacha kulisoma, ila likaendelea kuulizwa. La tatu liliendelea kulisoma, ila halikuulizwa tena. La nne lililiacha kabisa. Baada ya wiki moja wote wakapimwa. Makundi mawili yaliyoendelea kuulizwa yalikumbuka kama asilimia 80 ya maneno. Makundi mawili yasiyoulizwa tena yalikumbuka kama theluthi moja tu, na lile lililoendelea kusoma na kusoma halikupata faida yoyote ya maana kuliko lile lililoacha kila kitu.

Jambo lililonikosesha usingizi ni hili. Kabla ya kuachana nao, watafiti waliwauliza wanafunzi wakadirie watakumbuka maneno mangapi wiki ijayo. Makundi yote yalikadiria sawa, karibu nusu. Wale ambao wangekumbuka sehemu kubwa na wale ambao wangesahau sehemu kubwa walijihisi vilevile. Hapo ndipo nilipoielewa "Ndiyo, mwalimu!" ya darasa langu. Watoto hawakuwa wananidanganya. Walijihisi wameelewa kweli, kwa sababu notsi zilikuwa mbele ya macho yao.

Nikaona niwe na hakika kwanza na darasa langu. Jumatatu nikaingia na karatasi chakavu nilizokata vipande, nikasema, "Fungeni madaftari." Wakacheka, wakadhani ni adhabu. Nikawauliza maswali matatu ya wiki iliyopita, somo la usafirishaji wa vitu mwilini, lile la moyo wa rangi nne. Damu inayotoka kwenye mapafu inaingia chumba gani cha moyo? Ateri na vena zinatofautianaje? Kwa nini ukuta wa chumba cha chini kushoto ni mnene kuliko wa kulia?

Waliojibu swali la kwanza sawasawa walikuwa 11. Kati ya 84! Siku chache tu zilikuwa zimepita tangu wanakili mchoro ule. Nilibeba zile karatasi hadi nyumbani, nikakaa nazo barazani hadi giza likaingia. Notsi zangu nzuri zilikuwa zimekaa kwenye madaftari, hazikuingia vichwani.

Kuanzia siku hiyo kila kipindi changu kinaanza hivyohivyo. Madaftari yanafungwa, maswali matatu: moja la kipindi kilichopita, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Dakika saba. Wanaandika kwenye karatasi, tunasahihisha pamoja palepale, kila mtu anarekebisha la kwake. Sitoi alama wala sikusanyi kwa ajili ya kuadhibu. Swali la mwezi uliopita usiliache, maana kusahau ndiyo kawaida ya akili ya binadamu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo yake mwaka 1885, na aliona kwamba sehemu kubwa ya alichokariri inapotea ndani ya siku moja tu, kisha kasi ya kusahau inapungua. Usipomrudisha mtoto nyuma, utajenga mada mpya juu ya mada ambayo haipo tena.

Wiki tatu za mwanzo zilikuwa ngumu. Nikiuliza, kimya. Nikaanza kudhani utafiti wa Marekani haufai Singida. Siku moja nikamfuata binti mmoja aliyekuwa akikaa dirishani, nikamuuliza faragha, "Hujui kweli?" Akanijibu kwa Kiswahili, taratibu, kuhusu damu na mapafu na moyo, jibu kamili kabisa. Kisha akasema, "Mwalimu, Kiingereza chake ndicho sikijui."

Nyumbani anaongea Kinyaturu. Shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili. Kwangu anaulizwa kwa lugha ya tatu. Na jambo hili lilikuwa limeshachunguzwa hapahapa kwetu: kuanzia mwaka 2002 mradi wa utafiti ulioitwa LOITASA, uliowahusisha Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Birgit Brock-Utne wa Oslo, uliangalia lugha ya kufundishia katika sekondari za Tanzania na kuonyesha jinsi wanafunzi wanavyochangamka na kueleza wanachokijua pale wanapotumia Kiswahili. Nchini Kenya, huko Busia, watafiti Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walifuatilia shule zilizopewa vitabu vya kiada bure. Wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa tayari wanafanya vizuri, kwa sababu vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao, na wengine hawakuweza kuvisoma. Niliposoma hivyo niliwaza kabati letu la vitabu pale ofisini, limejaa na limefungwa kwa kufuli.

Basi nikabadilisha. Swali naliuliza kwa Kiingereza, wanamweleza jirani kwa Kiswahili, kisha tunatafuta pamoja jinsi ya kulisema kwa Kiingereza, kwa sababu mtihani hautawahurumia. Mwenzangu mmoja alinisema kwamba navunja kanuni ya shule. Nilimwonyesha karatasi za watoto.

Na ukishauliza, subiri. Mary Budd Rowe, Mmarekani, aliandika mwaka 1974 kwamba alikuta walimu wanasubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumtaja mwingine au kujibu wenyewe, na wakifika sekunde tatu majibu yanakuwa marefu na wanaojitokeza wanaongezeka. Mimi nahesabu vidole nyuma ya mgongo.

Miezi iliyofuata haina mengi ya kusimulia: kuuliza, kusahihisha, kurudia. Mwaka 2019 Baiolojia ilikuwa somo la pili kwa ufaulu shuleni kwetu, ikitoka mkiani. Binti wa dirishani alipata B. Kikao cha Januari kikapita bila mtu kusema neno. Hakuna aliyeniambia hata "hongera, mwalimu". Nilichukua nakala ya matokeo nikaiweka kwenye bahasha ileile ya kaki, pamoja na barua.

Walimu wenzangu, nawasihi. Tumezoea kuhukumu kipindi kwa ubao uliojaa na azimio la kazi lililokamilika. Mdhibiti ubora anakagua andalio la somo, mwalimu wa taaluma anahesabu mada zilizomalizwa, na mtoto anabaki mtu pekee ambaye hajaulizwa kilichobaki kichwani mwake. Siku hizi tuna MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, tuna jumuiya za ujifunzaji shuleni. Tusikutane kusaini mahudhurio tu. Kila mwalimu aje na karatasi za darasa lake, tuziweke mezani, tuseme ukweli. Na wewe mkuu wa shule unayesoma hapa, kabla hujamwandikisha mwalimu barua ya kujieleza, nenda ukakae nyuma ya darasa lake kipindi kizima. Mwalimu aliyedhalilishwa ataficha karatasi nyeupe za wanafunzi wake, na zikifichwa hakuna atakayesaidika.

Usingoje semina wala shahada, wala usibadilishe mambo kumi kwa pamoja kama nilivyofanya na manila zangu. Badilisha moja, lipime kwa wiki sita, andika tarehe na idadi kwenye daftari dogo. Utafiti wa wengine unakuonyesha pa kuanzia kutafuta. Darasa lako ndilo litakalokuambia kama umepata.

Mdogo wangu wa Kigoma, uliuliza tatizo ni wewe au wao. Hizo karatasi nyeupe usizitupe. Jumatatu ingia na vipande vya karatasi, waambie wafunge madaftari, uliza maswali matatu, na uwaruhusu waeleze kwa Kiswahili kwanza. Hesabu waliopatia swali la kwanza. Kisha niandikie hiyo idadi, hata kama ni ndogo kuliko 11 yangu.